Poda Usoni mwa Nkambo

Juzi nilikwenda kwenye kilio huko mtaa wa Golf, katika nyumba yenye ukuta mrefu. Marehemu tulisali naye miaka mingi. Nilipofika mbele ya sanduku kumuaga nilisita, nikadhani nimekosea kilio. Midomo ilikuwa imepakwa rangi, nyusi zimechorwa, mashavu yamekuwa ya msichana. Wajukuu zake walimpiga picha kwa simu wakisema amependeza. Mimi nilitoka nikakaa nje, ndugu msomaji, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka mwanamke mwingine.

Nkambo wangu, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Lubumbashi, alikuja kwa treni kutoka Kasai kabla mama yangu hajazaliwa. Tulikaa naye mtaa wa Bel-Air. Usoni alikuwa na chanjo, chale za mistari myembamba iliyozama, ikishuka kutoka kwenye paji la uso hadi mashavuni. Kule kwao msichana alichanjwa ili apendeze, na siku hiyo hakutakiwa kulia. Alituambia, bila majivuno, kwamba vijana walitoka vijiji vya mbali kuja kumtazama. Mjini mambo yalikuwa mengine. Watoto wenzangu kwenye bomba la maji waliniuliza, “Ule nkambo yako, chui ilimukwaruza?” Nao walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Asubuhi za kiangazi, baridi ikiuma vidole, yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Alipepea mbabula, jiko letu la makaa, mpaka makaa yakashika, akaiweka karibu na mlango ili sisi watoto tuote moto, kisha akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mpaka leo nikisikia mchi ukigonga kinu ninaonja mafuta ya mawese na dagaa wetu wa ndakala, na ninaona bukari, ugali wetu, ikitoa mvuke. Alipokuwa akichambua majani alikariri sala alizofundishwa kanisani, polepole, kama mtu anayehofia kuangusha kitu.

Kanisani kwetu wamama walikuwa na chama chao. Aliyekubaliwa alivishwa, siku ya Pasaka, kitambaa cheupe kichwani mbele ya madhabahu, na tangu siku hiyo alikaa mbele pamoja na wenzake, wote wamevaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja. Nkambo alikitamani kitambaa kile kuliko kitu chochote cha dunia hii. Mafundisho aliyamaliza. Alingoja tu kuitwa.

Badala ya kuitwa, alitembelewa. Kiongozi wa chama, tuliyemwita mama prezida, aliingia uani kwetu, akapokea kiti, akazungumza kwa upole mwingi. Alisema alama za usoni zilikuwa za mizimu, na kwamba wageni wakubwa wangekuja siku ya sikukuu.

“Si mimi, mama,” alisema. “Ni bantu. Batasema kanisa iko na bapagano mbele.”

Nkambo aliuliza kama angeweza kupewa kitambaa kisha akae nyuma. Mama prezida akajibu kwamba nyuma aweza kukaa, ila kitambaa kingoje. Nkambo alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote.

Tangu hapo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, shuka ameivuta mpaka kwenye nyusi. Jumapili moja mhubiri alieleza habari za yule nabii aliyetumwa kumpaka mfalme mafuta, akavutiwa na kimo cha kaka mkubwa wa yule aliyechaguliwa, mpaka Mungu akamkumbusha kwamba Yeye huangalia moyo. Wamama wa mbele waliitikia amina kwa nguvu. Nkambo naye aliitikia.

Hakuacha kazi zake. Mtaani palikuwa na mama mmoja mwenye kidonda mguuni, harufu yake ikafukuza hata ndugu zake. Nkambo alimwosha, akamlisha uji, akarudi nyumbani, wala hakumsimulia mtu. Nilipomuuliza kwa nini hachoki alisema Mungu hana haraka, lakini hapiti nyumba bila kuingia. Na kila Pasaka ilipokaribia alifua kikwembe chake kizuri, akakipiga pasi ya makaa, akangoja. Hakuna aliyekuja.

Walikuja alipokufa. Mvua zilikuwa zimeanza, kifua kikamzidi. Wamama walileta kuni, wakapika, wakaimba vizuri sana. Mama prezida alileta kitambaa, akisema chama kimeamua kumpokea. Wakafunga mlango ili wamvishe.

Ulipofunguliwa tuliingia. Kichwani alikuwa na kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri. Usoni walikuwa wamempaka poda nzito, wakaijaza kwenye kila mstari, uso ukawa laini kama sahani. Mdogo wangu alimvuta mama mkono akauliza nkambo yuko wapi.

“Angalia, dada,” mama prezida alimwambia mama kwa sauti ya chini. “Sasa amekuwa muzuri.”

Mama yangu alichovya ncha ya kikwembe chake katika beseni la maji, akaanza kufuta, paji la uso kwanza, kisha mashavu. Mistari ikarudi mmoja mmoja.

“Mumuache vile,” alisema. “Kule anaenda, banamujua na ile sura.”

Kisha mkono wake ukapanda hadi kwenye kitambaa. Sote tulidhani atakivua. Alikishika kidogo, akakinyoosha upande uliokuwa umelegea, akakiacha. Alijua jinsi mama yake alivyokitamani.

Wamama wakapita mmoja mmoja kuaga. Wengi wao hawakuwahi kumtazama usoni alipokuwa hai. Siku ile walimtazama. Mama prezida alipita wa mwisho, kopo la poda bado mkononi, akasimama pale muda mrefu akilia bila sauti.

Wote wamekwenda sasa, waliokaa mbele na waliokaa nyuma, na uso wa namna ile hauonekani tena katika mji huu. Namshukuru Mungu kwamba ulikuwa miongoni mwa nyuso za kwanza nilizozijua duniani. Lakini picha yake hatuna, nami nimezeeka. Mstari wa shavu la kushoto sikumbuki tena ulianzia wapi, na hajabaki mtu wa kumuuliza.