Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Nafula, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu jikoni. Sikukusudia kukusimulia. Mambo ya aibu mtu huyafungia ndani, akitegemea kwamba wenzake watazeeka na kuyasahau. Lakini jana ulinipa simu yako nikusomee huo ukurasa wako wa kazi kabla hujautuma Jumatatu, nikafika mstari wa tatu, chai ikanipalia. Umeandika kwamba wewe ndiye uliyeongoza kazi ya kuchora matangazo ya lile duka la Ntinda. Jamani! Si wewe mwenyewe uliniambia, hapa hapa mezani kwangu Bukoto, ukila chapati zangu, kwamba aliyeongoza ni mwenzako Prossy, na wewe ulikuwa unapanga rangi?

Nilipokuuliza ukacheka. Ukaniambia, "Shangazi, kila mtu anaandika hivyo."

Kila mtu! Nami pia nilikuwa na hao kila mtu wangu. Basi kaa, hiyo simu iweke kifudifudi, unisikilize.

Mimi hapa watoto wa mtaa wananiita jaja, bibi yao, lakini wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili, kiuno chembamba na mdomo mrefu. Nilikuwa nimevuka mpaka pale Busia na begi moja, nikapata kazi Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma hapa Kampala, ya kuuza oveni za kuokea mikate mbele ya karakana ya mzee mmoja Mkenya. Kuuza, nimesema. Sikuwa natengeneza. Nyundo nilikuwa naijua kwa kelele yake tu.

Sasa Katwe ina desturi yake, na usipoielewa desturi hiyo hutaelewa kosa langu. Mteja akija anataka oveni ya trei nane na wewe huna, humwambii huna. Unamwambia, "Keti mama, inaletwa," halafu unakimbia kwa jirani, mnaibeba ya kwake, mnaiweka mbele ya mteja, naye anaambiwa ni ya kwako. Ikiuzika, mnagawana. Kesho jirani anakuja kuchukua ya kwako hivyo hivyo. Na ikitokea kazi kubwa usiyoiweza, unaikubali kwanza, fundi utamtafuta baadaye. Hakuna aliyeuita wizi. Mwenye kitu yuko hapo hapo, anaona, na sehemu yake anaipata mkononi.

Pale kulikuwa na fundi mmoja kutoka Bukavu, tulimwita Papa Bahati kwa jina la kifungua mimba wake. Mkimbizi, mtu wa makamo, mpole kupita kiasi. Hakuwa na karakana, alikuwa akichomelea kwenye kibanda cha watu. Lakini oveni zake! Mlango ukiufunga husikii kitu, na joto halitoki hata ukiweka shavu. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika nchani, mkasi wa bati ulikila zamani. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kumtupa kwa ajili ya ule moto wa kuchomelea. Alikuwa akisema anaomba Mungu kitu kimoja tu, apate mahali pa kufundisha vijana, asimame nyuma yao aelekeze, macho yapumzike kabla hayajazimika kabisa.

Basi mwaka huo kanisa moja Ntinda likaleta mafunzo ya vijana siku za Jumamosi, ya kujitengenezea jina mtandaoni. Nikaenda. Kijana aliyetufundisha alijua kazi yake, nisimseme vibaya. Alisema weka picha nzuri ya uso, andika unachokifanya kwa maneno machache, onyesha kazi zako, tafuta watu wa kukushuhudia. Maneno mazuri yote. Sisi ndio tuliyageuza. Kwa kuwa hatukuwa na wa kutushuhudia, tulianza mchezo wa niandikie nikuandikie pale pale kwenye viti vya plastiki. Msusi mmoja wa nywele akaniandikia kwamba nimemtengenezea oveni imara na kwa wakati. Msusi, mwanangu! Nyumbani kwake alikuwa na sigiri moja ya makaa. Nami nikaandika kwamba anasuka vizuri kuliko wote Kampala, wakati kichwa changu hakijawahi kuguswa na vidole vyake.

Zikabaki picha. Jumatatu nikazunguka Katwe na simu. Nikamkuta Papa Bahati amemaliza oveni kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza. Nikamwomba nipige picha. Akafurahi, akaifuta masizi kwa fulana yake, akasimama kando yake kama bwana harusi, mkono ameuweka kwenye kitasa. "Piga, mtoto yangu," akasema. "Mi sina hata picha moja ya kazi yangu. Na mi utanitumia."

Nikapiga. Nilipofika nyumbani nikaikata picha, nikamwondoa. Nilibakisha mkono tu, kwa sababu ningeendelea kukata ningekula kitasa. Nikajiambia, nani atauangalia mkono? Nikaiweka kwenye ukurasa wangu, chini yake nikaandika: Kazi ya mikono yangu. Ile nzima nikaifuta, simu ilikuwa imejaa. Halafu, bila hata kupepesa macho, nikamtumia yeye ile iliyokatwa.

Kweli nakwambia, sikuhisi kitu. Kichwani mwangu ilikuwa ile ile desturi ya Katwe, ya jirani ni ya kwangu. Sikukaa nikafikiri kwamba kule Katwe mwenye kitu anasimama pale anaona, na kule mtandaoni hayupo.

Miezi minne ikapita, nikapigiwa simu. Chuo kimoja cha kufundisha vijana kuoka, jina lake nitalificha, kilikuwa kinatafuta mtu wa kutengeneza oveni zake na kuwafundisha wanafunzi kuzitengeneza. Wameona ukurasa wangu. Niende kwenye mahojiano. Nikaruka juu! Nikasema nitaichukua, fundi nitamtafuta nyuma ya pazia.

Nikavaa suti ya kuazima, nikaenda. Ukuta wa korido ulikuwa umepakwa rangi siku ile ile, na harufu ya rangi mbichi mpaka leo naikimbia. Nikageuka nikae kwenye benchi, na aliyekaa pale alikuwa Papa Bahati.

Mungu wangu! Shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa, na mkononi ameshika bahasha. Aliniona akafurahi. Yeye alikuja kuomba kazi ile ile, na akadhani mimi nimekuja kuuza. Akafungua bahasha anionyeshe: ameipeleka ile picha niliyomtumia kwa mtu wa kuchapisha, ikatolewa kwenye karatasi nzito. Ndiyo ushahidi pekee aliokuwa nao. Hakuna cheti, hakuna barua, ile karatasi tu.

Mara tukaitwa. Wote wawili, pamoja, kwa kuwa tuliomba kazi moja. Ndani walikuwa watu watatu, na mkubwa wao mama mmoja mwenye miwani. Mezani kulikuwa na kompyuta ina ukurasa wangu, na kando yake wakaiweka karatasi ya Papa Bahati. Picha ni moja.

Yule mama akaniuliza kwa Kiingereza kama ile ni kazi yangu. Nikasema ndiyo.

Neno moja, Nafula. Lilitoka lenyewe, lilikuwa limezoea kutoka. Akamgeukia Papa Bahati kwa Kiswahili cha hapa mjini. "Mzee, hii picha wewe natoa wapi? Hii ya nyabo, iko kwake miezi minne." Nyabo, yaani bibi, ndiye mimi.

Papa Bahati akageuka. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa anangoja nizungumze, maana aliamini ni kosa dogo ambalo nitalisahihisha sasa hivi. Akasema, "Muulize yeye." Nami nikaitazama meza. Ilikuwa na doa la chai pembeni, nililitazama doa lile mpaka waliposema basi, na bwana mmoja akamwambia mtu mzima yule, tena kwa sauti ya kumkanya mtoto, kwamba asiombe kazi kwa picha za wenzake. Akatoka. Karatasi yake ikabaki mezani.

Na sikiliza sasa kilichonishtua zaidi. Mimi hawakuniuliza hata swali moja la ufundi! Walisoma ule ushuhuda wa msusi, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaniambia nianze Jumatatu. Nilikuwa nimekuja na uongo, nikaukuta umeandaliwa kiti. Nikapewa barua. Nikatoka nayo.

Nilidhani ameondoka. Alikuwa kibarazani, amesimama akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nikajiandaa kwa matusi. Ningeyapokea matusi, yangenisaidia. Lakini alisema polepole, karibu kwa kunong'ona:

"Mtoto yangu, ile picha uliponitumia, mi niliona umenikata. Nikasema, pengine simu yake haikuenea mtu muzima. Si kitu. Mukono yangu iko. Watu watanijua kwa mukono." Akaunyanyua akautazama. "Sasa hata mukono ni yako?"

Nami, mwanangu, sijawahi kupigwa katika maisha yangu kama nilivyopigwa pale. Nililia kwa sauti, kibarazani, na suti ya watu. Kisha nikamshika huo mkono, nikamvuta, nikaufungua ule mlango bila kubisha.

Nikawaambia, "Mimi ni muuzaji. Hii oveni ameitengeneza huyu. Nimesema uongo." Wakatazamana. Bwana yule akaanza kuuliza wataamini vipi sasa, nani kati yetu wa kuaminiwa. Yule mama akamnyamazisha kwa kiganja. Akaikuza picha pale kwenye kompyuta, akaikuza, mpaka kikabaki kitasa na vidole. Akasema, "Mzee, weka mkono hapa."

Papa Bahati akauweka kando ya kioo. Kidole kidogo kimekatika nchani. Na pale kwenye kioo, kidole kidogo kimekatika nchani. Miezi minne nilikuwa nimeitangazia dunia nzima mkono wa mtu, ukiwa na alama yake, nikisema ni wangu.

"Banange!" yule mama akasema, akavua miwani. Kisha akaninyooshea mkono, sio wa kunisalimia. Alikuwa anataka barua yake. Nikairudisha. "Nyabo, wewe toka," akaniambia, nikatoka.

Hawakumpa kazi siku ile. Walimwita tena wiki iliyofuata, wakampa mabati na vyuma, atengeneze oveni mbele ya macho yao. Akatengeneza. Akafundisha pale miaka mingi, amekaa kwenye kiti nyuma ya vijana, anaelekeza kwa fimbo, mpaka Mungu alipomwita. Amlaze pema. Mimi kila Pasaka nilikuwa nampelekea mkate, naye alikuwa anaubonyeza kwanza, kisha ananiuliza umeokwa kwenye oveni ya nani.

Nami nilirudi nyumbani nikaufungua ule ukurasa. Nilitaka kuufuta. Halafu nikaona kuufuta ni kukimbia mara ya pili. Nikaondoa ushuhuda wa msusi, nikaondoa neno fundi, nikaandika: Nauza oveni za mafundi wa Katwe, na kila oveni nitakwambia aliyeitengeneza. Miezi mitatu simu haikulia, wenzangu wakanicheka, eti nimejivua nguo hadharani. Mwezi wa nne akanipigia mwoka mikate wa hapa Bukoto, akaniuliza, "Wewe ndiye yule mama anayeandika majina ya watu?" Tangu siku ile naitwa Mama Oveni, na chapati ulizokula jana zimetokana na hilo.

Ile picha ipo mpaka leo, ya kwanza kabisa. Kaifungue mwenyewe. Maneno ya chini niliyabadilisha: Mkono huu ni wa Papa Bahati. Mimi nilishika simu.

Kwa hiyo, mwanangu, jitangaze. Sikwambii ujifiche, siku hizi asiyeonekana hata kuitwa haitwi. Weka picha yako ukiwa umejitazama vizuri kwenye kioo, waandikie watu, wasalimie kabla hujawa na shida nao, wajibu wanaokuuliza. Lakini andika ulichokifanya wewe. Kupanga rangi ni kazi. Andika kwamba ulipanga rangi, useme ni rangi zipi na kwa nini ulizichagua, maana hilo wakikuuliza utalijibu hadi jua lizame. Andika jina la Prossy. Ushuhuda omba kwa aliyekuona ukitokwa jasho, hata akiwa mmoja. Na kabla hujabonyeza kutuma, jiulize hivi: kama wenzangu wote wa kazi hii wangekuwa wamekaa nami kwenye benchi moja, ningeweza kuisoma kwa sauti?

Kwa maana watakaa nawe, Nafula. Kampala ni ndogo kuliko unavyofikiri. Prossy naye anatafuta kazi, na Jumatatu yake ni hii hii yako.

Haya, igeuze hiyo simu, tuanze na mstari wa tatu. Mungu akujalie kazi utakayoitaja mbele ya wote mlioifanya pamoja bila kuinamisha macho, akupe watu wa kukutaja kwa jina lako mahali usipokuwepo, na mikono yako hii, mwanangu, aibariki iwe yako kweli.