Bawaba ya Sanduku la Nyamizi

Chuma kikikatwa kwa msumeno hutoa harufu yake, si ya moto wala ya kutu, ni kitu cha katikati kinachokaa kooni. Wateja wanaoingia karakana yangu hapa Geita mjini huziba pua. Mimi, niwaambie ukweli, huivuta kwa raha. Hunirudisha Nyarugusu, kwenye banda la baba, mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja na magoti yasiyokosa mchubuko.

Baba alikuwa seremala, lakini msidhani alishinda akichonga vitanda na makabati. Kazi iliyotulisha ilikuwa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu zisiwaangukie wachimbaji. Timba unalipima, kisha unaongeza kidole kimoja, ili likishushwa shimoni lipigwe nyundo mpaka libane. Linaloingia kirahisi ndilo litakaloua mtu. Baba alikata matimba miaka mingi hata "ongeza kidole" ikawa inamtoka bila kufikiri. Mama alimtania kwamba hata akikata mkate anaongeza kidole, na hicho cha ziada anakila mwenyewe.

Basi dada yangu Nyamizi akaposwa na kijana wa Samuye. Baba akatangaza kwamba binti yake ataondoka na sanduku la mninga lenye bawaba ndefu, ile mafundi wanayoiita piano, inayoshika kifuniko mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia alimtengenezea jirani sanduku lenye bawaba mbili fupi, na kifuniko kikang'oka mbele ya wageni. Tangu hapo watu walimwita Fundi Matimba, na hawakuwa wakimsifu. Sanduku la Nyamizi ndilo lingelifuta jina hilo, au lingelipigilia msumari.

Bawaba ililetwa kwa basi ikiwa imeviringishiwa gazeti. Ilikuwa ndefu kuliko mimi, ya kutosha vifuniko viwili na kubaki kidogo. Siku moja kabla ya wakwe kufika, baba alipima nafasi aliyoichonga kwa patasi mgongoni mwa sanduku, akapima bawaba, na mkono wake ukaongeza kidole, akaikata. Haikuingia. Angeweza kuipunguza, lakini mkono uliozoea matimba ukashika nyundo. Kwa mapigo matatu bawaba ikajikunja kama kiwavi aliyeguswa. Pigo la nne likatua kwenye dole gumba lake. Sikuwahi kumsikia baba akitukana kwa Kisukuma kabla ya siku ile, na mama alipokuja kuniziba masikio alikuwa amechelewa.

Kipande kilichobaki kilizidi urefu wa sanduku kwa shubiri moja tu. Kilikuwa cha kukatwa mara moja bila kukosea, na mkono wa kukikata umevimba. Baba aliketi kwenye benchi, gumba limefungwa kitambaa, akanitazama.

"Kabula, shika msumeno wa chuma."

Nilikuwa nimeshakichezea kile kilichoharibika. Bawaba ya piano ina pingili ndogondogo kama za muwa, zimeshikana kuzunguka pini moja ndefu. Baba alikuwa amekata katikati ya pingili. Nusu iliyobaki ilicheza kama jino bovu, na nilipoivuta ikanibaki mkononi.

"Pima, weka alama," akasema baba. "Halafu ongeza kidole."

"Baba, hii siyo timba."

Nikajuta papo hapo. Nje mashine za karasha zilinguruma zikisaga mawe. Nikaona nimalizie kabla sijakatwa kofi. Nikamwonyesha ile pingili nusu. Nikasema nikate penye mwanya kati ya pingili mbili, bawaba ipungue kidogo kuliko nafasi yake, na upungufu tuugawe kushoto na kulia ili jicho lisiuone. Baba aliizungusha ile pingili kiganjani kwa muda mrefu sana.

"Haya. Kata unapopaona."

Hatukuwa na jiliwa la kubania chuma. Niliikunja bawaba, nikaibana katikati ya vipande viwili vya mbao na kuvifunga kwa mpira wa tyubu, kama wachimbaji wanavyofunga ngazi zao. Nikadondoshea tone la mafuta ya kupikia, nikaanza. Msumeno uliteleza, ukashika, ukalia. Jasho liliniingia machoni na harufu ile ikajaa pua. Baba alizunguka benchi huku mdomo wake ukifunguka na kufumbika. Nilimwogopa kuliko nilivyouogopa msumeno.

Kile kilichozidi kikaanguka. Nikaisugua bawaba kwa tupa mpaka ikaacha kukwaruza, nikaiweka sandukuni. Ilikaa. Pembeni palibaki uwazi mwembamba kila upande, na pingili zote zilikuwa nzima. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Siku ya pili wakwe wakafika, wakiongozwa na Mama Masanja, mama wa bwana harusi, mwanamke mpana asiyeamini kitu mpaka akishike. Majirani walijipanga uani, na wale waliomwita Fundi Matimba hawakukosa. Mama Masanja alifunua kifuniko, akakiachia kikagonga, akakifunua tena, akakiegemea kwa kiwiko na uzito wake wote. Nilibana pumzi. Kifuniko hakikutikisika.

"Wabeja, Baba Nyamizi," akashukuru. "Una mkono wa fundi."

Baba aliinua gumba lake lililofungwa kitambaa, kila mtu akaliona.

"Mkono wangu ni huu, mama. Bawaba hiyo kaikata Kabula. Mimi niliharibu, yeye akatengeneza. Ndiye yule pale."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakata kamba. Mama Masanja alinishika viganja akavikagua kama anayenunua viazi, kisha akanikumbatia. Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu waliitwa Baba Kabula na Mama Kabula, ingawa mimi si wa kwanza kuzaliwa. Nyamizi hajanisamehe mpaka leo.

Wakati ule niliona baba amesema tu lililotokea, na sifa ni haki yangu. Sikuona ajabu yoyote. Hivi karibuni mteja alilipapasa sanduku lililokuwa hapa karakana, akaniambia hajaona bawaba iliyokaa vizuri namna ile. Lilikuwa limetengenezwa na Rehema, binti ninayemfundisha kazi, aliyekuwa nyuma akifagia maranda. Nikajisikia nikijibu, "Asante sana." Neno lilitoka lenyewe, kama ile "ongeza kidole" ya baba, na la pili, kwamba kazi si yangu, likagoma kutoka. Nilisimama pale na umri wangu wote huu, sina jina baya la kufuta, wala wakwe na majirani uani wanaonisubiri nianguke. Baba alikuwa navyo vyote siku ile, na hakusita hata kidogo.

"Rehema," nikaita. "Acha ufagio, njoo huku mbele."