Kabla Hujainunua Baiskeli Kuukuu

Nakumbuka siku moja, nikiwa bado msichana, nilipoteremka na dada yangu Kemunto mpaka Ogembo kutazama baiskeli ya zamani ya mashindano. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu. Fremu ya baiskeli ilikuwa nyekundu, nyembamba, na usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mimi, mwanangu, nilikuwa nimeshaibadilisha kichwani: gia mpya, tandiko jipya, kila kitu kipya.

Kemunto hakusifu chochote. Aliigeuza juu chini, akazungusha magurudumu aone kama yanayumba. Akazisukuma pedali kando kando, kujua kama zimelegea. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema hajui bado, ndiyo maana anatafuta. Basi nami nikaingiwa na hamu, nikapiga magoti, tukaipapasa fremu pamoja.

Kidole changu ndicho kilichonasa. Chini ya usukani, pale mabomba mawili yanapoungana, rangi ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilipokwangua kwa ukucha, kutu ikatoka. Chuma chenyewe kilikuwa kimeanza kuachana.

Mwalimu alikuwa ndani akituandalia chai. Nilimnong'oneza dada tuondoke tu, tusimwaibishe mzee wa watu. Akakataa. Akaniuliza ni nani anayeipanda baiskeli hiyo siku hizi. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mwalimu alipotoka na vikombe tukamwonyesha. Aliinama, akaupapasa ule ufa.

"Binti yangu huteremka nayo mlimani kila asubuhi," akasema. "Juzi aliniambia usukani unalia, nikautia mafuta."

Hakutuuzia, wala binti hakuipanda tena. Chai tulikunywa, tena kwa muda mrefu. Baadaye nilipata nyingine kule Kiogoro, rangi imebambuka lakini fremu ni nzima. Nilianza kwa kubadilisha breki, nyaya zake na matairi. Gia nilizozitamani zikangoja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa baiskeli kuukuu, ikague mchana kweupe, na anza na fremu, kwa macho na kwa vidole. Kinachofunguliwa kwa spana utakibadilisha polepole, lakini fremu iliyopasuka usiipambe. Na ukiuona ufa, useme kabla hujaondoka, hata kama hununui, maana kuna mtu ataipanda kesho. Mungu akushike katika kila mteremko wa milima yetu, na akurudishe nyumbani ukiwa mzima.