Mashina Yaliyobaki Ardhini

Wifi yangu Mukasine ni mtu wa Kirolirwe, na usafi wake umepita kiasi. Kwao, malishoni, uyoga huchumwa kwa kisu: unakata shina juu ya udongo ili mchanga usiingie sufuriani. Tangu kaka yangu Zéphyrin amlete hapa Walikale, anatucheka sisi tunaong'oa mzima mzima na matope yake.

Mimi nafundisha biolojia. Kila mwaka napiga kelele darasani: uyoga si mmea wala mnyama, una kundi lake, na aina zake hazijulikani kwa weupe wala utamu. Geuza kofia, tazama vibamba vya chini, kisha mguu. Ule wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwa mchwa. Ule wa sumu, mweupe vilevile, mguu wake umekaa ndani ya kifuko. Wanaandika, wanasahau.

Jumapili, baada ya misa, nilimkuta Mukasine anaosha sufuria. Zéphyrin alikuwa amemaliza uyoga wote uliopikwa, akaenda kazini na pikipiki yake. Mukasine hakuonja, mimba ilimkatalia. Kwenye ungo zilibaki kofia mbili mbichi. Niliigeuza moja, na vibamba havikunipendeza.

“Mukasine, miguu yake iko wapi?”

“Nilikata, dada. Iko na udongo, niliiacha kule.”

Nilichukua jembe, nikamwambia anipeleke alikochuma.

Ilikuwa nyuma ya mihogo, msitu unapoanzia. Shina la kwanza, karibu na kichuguu, lilitoka na mzizi mrefu. Mukasine akacheka, akanikumbatia. La pili vilevile. Nilitamani turudi nyumbani, nasema kweli. Lakini la tatu lilikuwa pembeni, chini ya mti. Nilichimbua kwa vidole. Lilitoka na kifuko chake, cheupe kama ganda la yai.

“Ni ile ya sumu?” Mukasine aliuliza. Nilimwonyesha kile kifuko, naye akaanza kulia.

Tulimkuta Zéphyrin barabarani, anataniana na wenzake.

“Juu ya nini munalia? Niko muzima! Hata tumbo haiumi.”

Hilo ndilo lililonitisha. Sumu ile hunyamaza saa nyingi kabla ya kuuma, na huku inakula ini. Nilimwambia yote, akaniita mwoga.

Mukasine hakubishana naye. Alipanda nyuma yake, tumbo lake likigusa mgongo wa mumewe, akasema, “Twende hospitali.”

“Sawa, twende,” Zéphyrin alisema, akawasha pikipiki. “Lakini ile uyoga, mutapika tena lini?”