Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Gazeti lilipofungwa, mwandishi alihamishia hadithi zake kwenye tovuti, nayo ikadoda. Aliyeifungua ni mdogo wake tu, kwa kumwonea huruma. Basi mama wa watu akaanza kuzunguka saluni hadi saluni, roho mkononi, akiwauliza wanawake wanasoma nini kwenye simu.

"Hadithi," msusi mmoja alimjibu. "Tunatumiana kwenye kundi. Hii ya mjane na fundi saa imetutoa machozi sote." Akamwonyesha simu.

Ilikuwa hadithi yake, neno kwa neno, ila jina lake lilikuwa limenyofolewa.

"Kaiandika nani?"

"Nani anajua, dada yangu? Zinakuja tu. Nitajie namba yako nikutumie."

Akaitaja.