Yai Bichi la Babu

Babu alipotoka hospitali alikolazwa kwa nimonia, Baba alimpa chumba cha uani, asipande milima ya kwao Ikuti mpaka apate nguvu. Na nguvu, kwa Babu, ilikuwa yai bichi. Kila asubuhi alinituma kwenye banda la kuku, akaligonga yai kwenye fimbo yake, akalitoboa na kulifyonza, fyoo! Nilipenda kumtazama, ute ukimbaki kwenye masharubu.

Mama hakupenda. Yeye ni nesi, na wale kuku wa kisasa ni mradi wake, aliouanza mambo yalipokuwa ruksa, watumishi wa serikali waliporuhusiwa biashara.

"Kuku unamwona mzima, kumbe vidudu vimo mpaka ndani ya yai," aliniambia. "Mwenye nguvu zake ataharisha, apone. Babu yako na kifua kile, kuhara kutammaliza."

"Si umwambie?"

Akanitazama kama nimetukana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, wala hasemi naye. Babu akikohoa tu uani, Mama hupitia mlango mwingine.

"Utamwambia wewe," akasema.

Mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa jina naitikia kwa kunong'ona.

Nilimpelekea Babu yai lake, nikabaki nachora vumbi kwa kidole cha mguu. Ndipo sauti ya Mama ikapaa nyuma ya ukuta wa jiko, anamsemesha kuku:

"We tetea! Mayai yako ni ya kuchemsha mpaka kiini kigande! Mgonjwa akinywa bichi atarudi wodini, na sindano nitamchoma mwenyewe!"

Yai la Babu likasimama hewani. Akamgeukia mbwa wetu. "Umesikia? Kuku wa hapa wana kelele." Kisha akaniambia mimi, "Kamwambie huyo tetea, la kuchemsha linanikaba koo."

"Atalipondea kwenye ndizi," nikasema, nikashangaa kuwa ni mimi. "Babu, mimi sitaki urudi kule." Machozi yakanitoka.

Akanitazama. Akaniwekea yai kiganjani, zima. "Nenda. Asisahau chumvi."

Jikoni Mama alikuwa kajiziba mdomo kwa khanga, anacheka. Alininawisha mikono, akalichemsha yai mpaka nikadhani limesahauliwa, akaliponda kwenye ndizi za moto.

Babu alikula akamaliza. Kisha akamwambia mbwa, kwa sauti ya kufika jikoni, asante ya Kinyakyusa:

"Huyo tetea, ndaga sana."