Jinsi Besi ya Blagica Ilivyozimwa

Blagica Trajkovska alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yalimfikia yakiwa yamefungwa ndani ya mifuko myekundu, na yeye ndiye aliyeifungua. Damu, usaha, matapishi, vitu ambavyo mtu mwingine angevitaja kwa kunong'ona, yeye alivisimulia huku anatafuna mkate na soseji. Siku moja alitukuta mimi na Gareth tumesimama nje ya chumba cha mazoezi ya bendi yetu tumeziba pua, kwa sababu panya alikuwa amefia nyuma ya spika. Aliingia, akamshika mkia, akaenda kumtupa, akarudi anajifuta mkono kwenye suruali.

"Wanaume wazima," alisema. "Haya, tupige."

Naanza na hilo ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo.

Mimi ni Neville, wananiita Nev, na ndimi niliyepiga dramu katika bendi ile. Iliitwa Masizi, kwa sababu Port Kembla ya utoto wetu, mji wa viwanda vya chuma pwani ya Australia, ukianika shati jeupe asubuhi, jioni unaanua la kijivu. Tulikuwa watatu tu: mimi, Blagica kwenye gitaa la besi, na Gareth Mulvaney, aliyepiga gitaa na kuimba. Muziki wetu ulikuwa mzito na wa polepole sana. Mama yake Blagica, Mama Trajanka, alisema ukiusikia kutoka jikoni ni kama watu wanahamisha kabati la nguo na hawakubaliani liwekwe wapi.

Mwanzoni nyuzi zetu zilikuwa kwenye kiwango cha kawaida kama za watu wote. Koo la Gareth ndilo lililotushusha. Sigara zilikuwa zimemla sauti ya juu, akawa anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, basi akatuomba tulegeze nyuzi, tushuke kidogo. Tukashuka. Mwaka uliofuata akaomba tena. Gitaa lake halikupata shida kubwa, lakini besi ukiilegeza namna ile uzi mnene unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo: unapigapiga shingo ya gitaa, unavuma, na noti haijulikani ni ipi. Wengi wangekataa. Blagica aliibeba besi nyumbani, akatafuta nyuzi nene zaidi, akachukua tupa ndogo ya marehemu baba yake na kupanua vijinjia ambamo nyuzi hupita, kisha akakaa wiki nzima anajifunza kupiga upya. Alikuwa na mkono mzito, na mkono mzito kwenye uzi uliolegea unaharibu kila kitu. Ikabidi ajifunze kugusa, karibu kabisa na kidaraja, pale nyuzi zinapoishia chini, kama mtu anayechovya kidole kwenye chai kujua kama imepoa.

Alichotoka nacho sijakisikia kwa mtu mwingine. Alikuwa hafiki kwenye noti moja kwa moja. Alianzia chini yake, akaupandisha uzi kwa kidole taratibu, na noti ikaja imechelewa kidogo, inakwaruza, halafu inatulia tumboni mwako. Mimi nilijifunza kumngoja. Nyimbo zetu zote zilikaa juu ya kule kuchelewa.

Gareth alilijua hilo. Alilisema mwenyewe kila akilewa. "Bila huyu dada mimi ni mzee anayekohoa kwenye kipaza sauti," alisema, na Blagica alimjibu, "Na ukiwa na mimi ni hivyohivyo, ila watu hawasikii."

Hatimaye tukapata nafasi ya kurekodi santuri huko Sydney. Tulipiga kwa wiki moja, Blagica akitumia likizo yake. Alipomaliza sehemu yake fundi wa sauti alisema ni nzuri, Gareth akasema ni nzuri, tukala piza, tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo yakaanza mambo ya picha. Mpiga picha alikuja mpaka nyumbani kwa Mama Trajanka, akataka mikono tu. Mikono ya Blagica ilikuwa imechubuliwa na sabuni kali za hospitali, kucha fupi, vifundo vimevimba. Akaipiga picha ikiwa juu ya nyuzi zile nene. Ndiyo ikawa jalada. Gareth akahojiwa na magazeti ya muziki, na kila alipohojiwa alieleza habari za mwanamke anayefua mashuka ya wagonjwa mchana na kupiga besi ya chini kuliko mtu yeyote pwani hii. Blagica hakupenda. "Ananiuza kama kachumbari," aliniambia. Lakini alimwacha aseme, kwa sababu alijua kuna kazi yake ndani ya ile santuri.

Santuri ilipofika Gareth alituita kwake Jumamosi mchana. Alikuwa anachoma nyama uani. Akaweka spika dirishani, akaiweka santuri, tukasimama na vikombe vyetu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujafika katikati Blagica aliposema, "Nani huyu?"

"Nani nani?" Gareth aliuliza.

"Anayepiga besi."

"Ni wewe, bwana. Wamekusafisha kidogo tu."

Blagica aliingia ndani, akasogea mpaka kwenye spika, akainama. Nilimfuata. Hata mimi niliyepiga wimbo ule mara zisizohesabika nilihisi kuna kitu kimeondoka. Noti zilifika kwa wakati. Zote. Zilikuwa chini kabisa, nene, laini, hazina mkwaruzo wala pumzi.

"Gareth," alisema, "mimi sijawahi kupiga namna hii maishani mwangu."

Gareth aligeuza nyama. Aliigeuza tena, ingawa haikuwa imeiva upande ule. Kisha akasema ni kompyuta. Fundi aliona besi inayumbayumba, ikabidi wabadilishe, yeye mwenyewe aliumia, lakini muda ulikuwa umekwisha.

"Wimbo huu?"

"Zote."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Dada yangu, tuseme ukweli, watu hawasikilizi besi. Wanaisikia tu. Na jina lako lipo, mikono yako ipo, kila mtu anakuzungumzia wewe. Umepungukiwa nini?"

Blagica alimtazama kama anavyotazama mfuko mwekundu uliopasuka, isipokuwa mfuko angeushika. Aliweka kikombe chini, akasema anakwenda kunawa, na akanawa kweli, kwenye bomba la uani, mpaka viwikoni, mbele yetu.

Nilimpeleka nyumbani kwa gari langu. Tulipokaribia kwao aligeuka kunitazama. "Angekuja akaniambia, Blagica hujui kupiga, ningekasirika, tungetukanana, yangekwisha," alisema. "Lakini ameichukua mikono yangu akaibandika mbele, na ndani akaweka kitu kingine. Kama mtu anakuuzia samaki mbichi, ukifika nyumbani ni plastiki."

Nilidhani ndiyo mwisho wa bendi. Lakini onyesho la kuizindua santuri lilikuwa limekwishatangazwa, Jumapili mchana kwenye baa ya Nanga Tatu, na wanawake wa chumba cha kufulia walikuwa wamebadilishana zamu ili waje wote. Hakutaka kuwaangusha. "Na jukwaani hakuna kusafishana," aliniambia. "Watanisikia mimi."

Siku hiyo Gareth alikuja na kompyuta ndogo akaiweka karibu na dramu zangu. Akanipa na kisikilizio cha masikioni, akaniambia nifuate mdundo utakaokuwa unagonga humo, kwa sababu mashine itatia sauti za upepo na kelele za kiwandani kati ya wimbo na wimbo. Blagica naye aliombwa apunguze spika yake ya jukwaani, ati sauti yake itapitia kwenye spika kubwa za ukumbi. Haya ni mambo ya kawaida kabisa. Tukakubali.

Baa ilijaa. Mama Trajanka alikaa mbele na koti lake la kanisani, ameziba masikio kwa pamba na anatabasamu. Wanawake wa kufulia walikuwa kwenye meza mbili walizoziunganisha, wameshaanza kuchangamka.

Tukaanza. Ukumbi ulitetemeka vizuri, glasi zikatembea mezani. Nilimwona Blagica ameinamisha kichwa, anagusa. Halafu nikamwona ameinua kichwa. Alikuwa ameuvuta uzi kwa ile namna yake, taratibu, kuutafuta wimbo kutoka chini, na kwenye spika kubwa noti ilikuwa imekwishafika bila yeye.

Akajaribu tena. Akapiga noti mbaya kwa makusudi, noti ya ajabu isiyohusiana na kitu. Spika zikatoa ile sahihi.

Ndipo alipotoa mikono yake kwenye besi. Hakuirusha wala hakufanya vituko. Aliinua tu ile mikono usawa wa mabega, vidole vimeachana, kama mtu aliyetoka kunawa na hana taulo, akasimama hivyo. Na besi ikaendelea kulia. Nzito, safi, haikosei, inatingisha sakafu, wakati mikono yake iko hewani na kila mtu anaiona, mikono ileile iliyokuwa kwenye bango kubwa la jalada lililotundikwa nyuma yake.

Wanawake wa kufulia ndio walioelewa kwanza. Niliona vichwa vyao vinamgeukia Gareth. Kisha mmoja wao, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, akasema, "Gareth, hebu na wewe funga mdomo tuone kama utaendelea kuimba."

Watu wakacheka, na kile kicheko kikaenea vibaya. Mimi nilivua kisikilizio, nikaweka fimbo zangu juu ya ngoma. Gareth akabaki na gitaa lake, anapiga, anatoa jasho, anatuangalia mmoja mmoja, halafu akaacha na yeye. Besi ikabaki peke yake. Alikimbilia ile kompyuta akabonyeza hiki na kile, ikaendelea tu, mpaka fundi wa sauti wa baa akazima kila kitu.

Blagica alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akatoka mlango wa nyuma. Nilimkuta kwenye mapipa ya taka ameshika ukuta. Alikuwa anatapika. Mwanamke ambaye hajawahi kugeuza uso kwa lolote lililotoka kwenye mwili wa binadamu, alitapika mpaka akabaki anatema mate matupu.

Gareth alitufuata. "Umeniaibisha mbele ya mji mzima," alisema.

"Ondoka, Gareth. Sina hasira na wewe. Nakuonea kinyaa tu, na sijui hicho kinaondokaje."

Santuri ilisifiwa. Hilo ndilo lililomtesa Blagica zaidi. Watu wa mbali wasiojua lililotokea Nanga Tatu waliandika kwamba besi yake ni ya ajabu, kwamba unasikia maisha ya mwanamke mfanyakazi katika kila noti. Walimtumia salamu kutoka nchi asizowahi kufika. Aliwajibu wote maneno mawili tu, Siyo mimi, na wakaona ni unyenyekevu, wakamsifu zaidi. Siku moja alinisomea salamu moja kwa sauti, akaifuta, akaenda kufungua dirisha.

Gareth alirudi majira ya kuchoma pilipili hoho za kuweka mitungini, wakati mtaa mzima wa Wamasedonia, watu wa kwao Blagica, unanuka moshi na maganda yaliyoungua. Alikuja na maua ya kituo cha petroli. Mama Trajanka alimtengea kahawa, kwa sababu kwake mgeni hafukuzwi kabla ya kahawa, lakini alimtengea nje, kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na moshi.

Gareth alieleza kwamba bendi inaalikwa Ulaya. Amempata kijana wa kupiga besi lakini nyuzi zake zinagongagonga kama vijiko, na walioalika wanamtaka mwanamke wa kwenye jalada.

"Waambie hayupo," Blagica alisema. Alikuwa anamenya pilipili, hakuinua macho.

"Utapiga wewe mwenyewe. Hakuna mashine. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako mwache apumzike."

"Basi niambie unataka nini. Chochote."

"Nataka mikono yangu itoke kwenye kile kitu. Na jina langu. Yote."

Gareth alijifuta macho, moshi unamchoma. Kisha akasema, polepole, kwamba jalada ndilo linalouza.

Mama Trajanka, ambaye Kiingereza chake alikuwa anakitumia pale tu anapotaka, alimnyang'anya kikombe kikiwa bado nusu, akamwaga ile kahawa ardhini. "Umeshakunywa, mwanangu," alimwambia. "Nenda salama."

Jalada likabaki lilivyo, na Gareth alikwenda Ulaya na yule kijana, bila mimi. Nasikia sasa anaimba chini zaidi. Blagica yuko kulekule hospitalini, na akiliona lile jalada kwenye duka la santuri huligeuza liangalie nyuma.

Jumamosi mchana mimi naye tunapiga kwenye banda la Mama Trajanka, wawili tu, bila mwimbaji. Ameshusha nyuzi zaidi ya wakati ule, mpaka mitungi ya pilipili inacheza kwenye rafu na tumelazimika kuitandikia matambara. Mwaka jana tulirekodi kwenye kaseti. Katikati ya kipande kirefu kuliko vyote, Mama Trajanka anafungua mlango na kusema chakula kinapoa, na Nev mwambie mwenzio, mimi hanisikii. Nilimuuliza Blagica kama nikate hapo.

"Kata nini?" alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akainama kuufunga upya uzi wa chini, uliokuwa umeteleza.